Chama kikubwa au chama kidogo? Ulinganisho kwa anayetaka kugombea huku Nyanda za Juu Kusini

Mpwa wangu analima viazi mviringo kwenye miteremko ya Uporoto. Kila msimu hunishushia debe moja nyumbani Uyole akiwa njiani kwenda sokoni. Safari hii alishusha debe na swali.

"Shikamoo mjomba," alisema, koti la mvua bado liko mwilini. "Nataka udiwani 2030. Chama kikubwa wananiambia nipange foleni, na foleni yenyewe naona nitaota mvi ndani yake. Chama kidogo wameshaniahidi fomu, hawana mtu mwingine kwenye kata. Niende wapi?"

Nimekaa na swali hilo wiki mbili. Nimewahi kubeba kadi ya chama kikubwa, na nimewahi kuwa wakala wa chama kidogo siku ya kupiga kura, kwa hiyo nalinganisha vitu nilivyovishika kwa mikono yangu. Msimamo wangu nautoa mapema ili usomaji uwe mwepesi: chama kidogo hupimwa kwa kazi kinayoifanya na kwa ngazi kinakoifanyia. Ukijua kazi na ukajua ngazi, utajua kama kinakufaa. Usipojua, fomu utapewa, picha utabandika ukutani, na baada ya uchaguzi utabaki na deni la mabango.

Kwanza, kwa nini mambo huishia kwa wawili

Kisheria vyama vyetu ni vingi. Mfumo ulirudi mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi ulifanyika 1995. Lakini kiti cha jimbo au cha kata hapa kwetu anakichukua aliyepata kura nyingi, hata kama amewazidi wenzake kwa kura moja. Aliyefuata hapati nusu ya kiti, na wa tatu ndiyo kabisa. Wananchi wakishaona hivyo mara mbili tatu, wanaacha kumpigia wanayempenda, wanampigia yule mwenye nguvu za kumwangusha wasiyemtaka. Mfaransa Maurice Duverger aliliandika jambo hili miaka ya 1950, na hadi leo wanaosoma siasa huanza naye. Marekani limekaa kama mwamba: Democratic na Republican, na wengine wote pembeni.

Kwetu nafasi ya kwanza haijawahi kubadilika mkono, ila ya pili imebadilika sana. Mwaka 1995 ilikuwa ya NCCR-Mageuzi, Augustino Mrema akipata takribani asilimia 28 za kura za urais. Mwaka 2000 na 2005 ikawa ya CUF na Profesa Lipumba. Kuanzia 2010 ikawa ya CHADEMA. Vyama vitatu tofauti vimekalia kiti kile kile cha mshindani mkuu ndani ya miaka 15, na kila kilichokikalia kilianza kikiwa kidogo.

Huku kwetu tuliuona mfumo wa vyama viwili kwa macho. Mwaka 2010 Joseph Mbilinyi, ambaye vijana wanamwita Sugu, alichukua Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA, na Mchungaji Peter Msigwa akachukua Iringa Mjini. Wote wawili walirudi bungeni 2015. Mwaka 2020 majimbo yote mawili yakarudi CCM. Katika chaguzi zote hizo karatasi ya kura ilikuwa na majina mengine, lakini vijiweni Mwanjelwa hukusikia mtu akiyabishania.

Usiku wa kura 31

Mwaka 2015 nilikuwa wakala wa mgombea udiwani wa chama kidogo. Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi, ubaoni bado kuna hesabu za darasa la nne. Kura zilianza kuhesabiwa jioni, na zamu ya udiwani ilipofika ilikuwa usiku na baridi imeshaingia. Msimamizi alikuwa anakunjua karatasi moja moja, anainyanyua juu ya taa ili mawakala wote tuione, anataja jina, anaiweka kwenye fungu lake. Mafungu mawili yalikuwa yanapanda. Fungu letu lilikuwa jembamba, linakaa kwenye kona ya dawati kama daftari lililosahaulika.

Mwisho ikawa 171 kwa mmoja, 149 kwa mwingine, na sisi 31.

Nilikuwa najiandaa kusaini Fomu 21C, ile ya matokeo ya udiwani kituoni, niende kulala. Ndipo nikawaona mawakala wa vyama vikubwa wote wawili wananitazama. Tofauti yao ilikuwa kura 22. Zetu zilikuwa 31. Wakala wa chama kilichoshindwa pale kituoni aliniuliza kwa hasira, "Hivi nyie mligombea ili iweje?" Sikuwa na jibu, na swali lake nimelibeba miaka yote hii.

Linafanana na swali waliloulizwa watu wa chama cha Green cha Marekani mwaka 2000. Jimbo la Florida ndilo liliamua rais, na George W. Bush alimshinda Al Gore pale kwa kura 537. Ralph Nader wa Green alipata kura 97,488 katika jimbo hilo hilo. Wapo wanaomlaumu hadi leo, na wapo wanaosema kura ni mali ya mpigaji, hakuna chama kinachodaiwa kura. Mimi nakubaliana na hao wa pili, lakini nasema pia kwamba mgombea wa chama kidogo lazima awe na jibu la swali la yule wakala kabla hajachukua fomu. Akisema "demokrasia" tu, hajajibu.

Foleni na fomu

Huwezi kugombea bila chama, hilo la kwanza. Mgombea binafsi haruhusiwi Tanzania, kwa hiyo mpwa wangu hata awe anapendwa namna gani kijijini kwao, lazima apite kwenye mlango wa chama fulani.

Mlango wa chama kikubwa una foleni inayoitwa kura za maoni, pale wanachama wanapopigia kura wanaotaka kuteuliwa na chama. Faida yake ni kwamba ukishavuka, unakuta kila kitu kipo: mawakala kila kituo, mtu wa kuikagua fomu yako, viongozi wa mkoa wanaokuja kukunadi, na jina la chama ambalo bibi yangu hata akiwa haoni vizuri analijua kwa rangi. Ruzuku ya serikali hugawanywa kwa kuangalia wabunge na kura, kwa hiyo inakwenda waliko wengi. Hasara yake ni kwamba hata ukiongoza kura za maoni bado hujateuliwa. Vikao vya juu ndivyo vinavyorudisha jina. Mwaka 2010 aliyeongoza kura za maoni za CCM Iringa Mjini hakuteuliwa, akasimamishwa mwingine, na jimbo likaenda upinzani. Ndani ya vyama vya upinzani vilivyokua nako mambo ni hayo hayo: uongozi wa taifa una neno la mwisho.

Mlango wa chama kidogo uko wazi. Unaingia asubuhi, jioni wewe ni katibu wa kata. Lakini hebu nikuonyeshe upande wa pili wa mlango huo. Kabla ya 2015 nilishuhudia mgombea wetu mmoja wa udiwani akienguliwa kwa fomu iliyokosewa kujazwa. Kosa lilikuwa dogo, sehemu ya udhamini haikukamilika, na lingeonekana na mtu yeyote aliyezoea kuzikagua fomu zile. Chama hakikuwa na mtu huyo mkoa mzima. Katibu aliyetakiwa kuikagua alikuwa safarini, simu haipatikani. Mgombea alikuwa ameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya kampeni. Alikaa nje ya ofisi ya kata na fomu yake mkononi mpaka saa kumi jioni, dirisha la uteuzi likafungwa. Sijawahi kusahau jinsi alivyokuwa anaikunja na kuikunjua ile karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawaulizi. Kwa Katiba yetu, mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, anapoteza ubunge, na diwani naye hali ni hiyo hiyo. Kiti ni cha chama. Kwenye chama kikubwa ukigombana na mwenyekiti wa wilaya, kuna mkoa, kuna taifa, kuna kamati za maadili na rufaa, na hata kama ni ndefu na za kuchosha, zipo. Kwenye chama kidogo mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanaweza kuwa watu wa sahani moja. Ukigombana na mmoja, umegombana na chama chote, na wapiga kura wako 900 wanapoteza diwani kwa ugomvi usiowahusu.

Vyama vidogo si vya aina moja

Hapa ndipo watu wengi hukosea, wanaviweka vyote kapu moja. Mimi naviona kwa kazi zake, na majirani zetu wa Tunduma na Kasumulu wametupa mifano mizuri kuliko ya vitabuni.

Kuna chama kidogo kinachokua. Vuka Tunduma, ingia Nakonde, waulize wazee habari za Michael Sata. Mwaka 2001 alikuwa mtu mkubwa ndani ya MMD, chama tawala cha Zambia. Chama kilipomchagua Levy Mwanawasa kuwa mgombea, akatoka akaanzisha Patriotic Front. Uchaguzi wa mwaka huo huo akapata takribani asilimia 3 na mbunge mmoja. Mwaka 2006 akafika kama asilimia 29. Mwaka 2008, kwenye uchaguzi wa kuziba nafasi ya Mwanawasa aliyefariki, akafika 38. Mwaka 2011 akawa rais. Miaka kumi tu kutoka mbunge mmoja hadi ikulu, na MMD iliyokuwa inatawala ikanyauka. Aliyeingia PF mwaka 2002 alichekwa. Aliyeingia 2012 alipanga foleni.

Kwetu CHADEMA ilipita njia hiyo kwa mwendo mrefu zaidi. Wabunge wa majimbo walikuwa 3 mwaka 1995, wakawa 4, wakawa 5 mwaka 2005, kisha 23 mwaka 2010. Sugu alijiunga nacho kikiwa bado chama cha majimbo matano. Chama cha Republican cha Marekani nacho kilizaliwa 1854 kutokana na hasira ya watu waliopinga utumwa kupanuka kwenda maeneo mapya, na miaka sita baadaye Abraham Lincoln akawa rais kwa tiketi yake, huku Whig kikitoweka. Ukitazama yote haya utaona kitu kimoja: chama kidogo hukua pale ambapo mmoja wa wakubwa wawili amepasuka au amechoka. Kisipopasuka kitu juu, juhudi peke yake haitoshi. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayekushawishi ni hili: nani anaanguka, ili nyinyi mpande?

Kuna chama cha hoja, na hiki ndicho ninachokiheshimu kuliko vyote. Mfano wake mkubwa ni mtu wa kwetu, Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa. Chama chake cha DP hakikuwahi kuwa kikubwa, na kilikaa miaka bila usajili wa kudumu kwa sababu alishikilia kuwa ni chama cha Tanganyika, wakati sheria inataka wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua 10, ikiwemo ya Zanzibar. Hakuwahi kuwa mbunge. Kauli zake nyingine zilikuwa kali mno, na nyingine sikuzipenda kabisa. Lakini alikwenda mahakamani. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ikasema sharti la kuomba kibali cha polisi ili kufanya mkutano wa hadhara linapingana na Katiba, na ikakubali pia mgombea binafsi. Bunge likabadilisha Katiba mwaka huo huo kumzuia mgombea binafsi. Mtikila hakukata tamaa. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba Tanzania inakiuka haki kwa kumzuia mgombea binafsi. Alifariki kwa ajali Oktoba 2015. Sheria haijabadilika, lakini kila anayeidai leo anasimama juu ya kesi ya mtu asiyekuwa na kiti hata kimoja.

Wakulima wa Marekani walifanya jambo la namna hiyo miaka ya 1890. Walikuwa wanaumizwa na bei za kusafirisha mazao kwa reli na madeni ya benki, wakaunda People's Party. Mwaka 1892 mgombea wao James Weaver alipata kura zaidi ya milioni moja, na hakukaribia kushinda. Walidai kodi ya mapato inayopanda kadiri kipato kinavyopanda, na maseneta wachaguliwe na wananchi moja kwa moja. Mwaka 1913 kodi ya mapato na uchaguzi wa maseneta viliingia kwenye Katiba ya Marekani, wakati chama chenyewe kilikuwa kimeshakufa. Wakubwa walikuwa wamezichukua hoja zake wakazifanya zao.

Nilipomsimulia mpwa wangu hili, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo lumbesa." Ndiyo, lumbesa. Asiyejua: ni lile gunia la viazi linaloshonewa kilemba juu mpaka linakuwa na mabega, mnunuzi analipa bei ya gunia moja, mkulima ametoa gunia na nusu. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Kila mkulima wa Uporoto, Umalila, Makete na Njombe anaijua lumbesa mgongoni mwake. Kila kampeni inatajwa, na kila msimu inarudi kwa sababu lori lipo barabarani na mizani haipo shambani. Chama kidogo kikiamua kusimama na lumbesa tu, kikazunguka nayo kata kwa kata miaka mitano, kikakusanya risiti na picha, kikaenda kwenye baraza la madiwani na hata mahakamani, kinaweza kushindwa uchaguzi na kushinda mizani. Lakini kiwe tayari kuona chama kikubwa kinakuja kuichukua hoja hiyo na kupigiwa makofi nayo. Anayeumia kwa hilo asiingie chama cha hoja.

Kuna chama cha mizani, yaani kinachoamua kati ya wawili walio karibu sawa. Vuka Kasumulu uone Malawi. Mwaka 2019 Saulos Chilima na chama chake kichanga cha UTM alishika nafasi ya tatu kwa asilimia 20, nyuma ya Peter Mutharika na Lazarus Chakwera. Mahakama ilipofuta uchaguzi ule Februari 2020 na kusema mshindi lazima avuke nusu ya kura, hesabu zikabadilika siku ile ile. Chakwera peke yake hakuweza, Chilima peke yake hakuweza. Wakaungana, Chilima akakubali umakamu, na Juni 2020 wakashinda kwa karibu asilimia 59. Ghana nayo, ambayo ni nchi ya vyama viwili hasa, mwaka 2008 hakuna aliyefika nusu. Nduom wa CPP alipata zaidi kidogo ya asilimia moja, na duru ya pili John Atta Mills akashinda kwa kura kama 40,000. Asilimia moja katika nchi kama hiyo ina thamani ya dhahabu.

Sasa sikiliza tofauti, maana ndiyo inayopotosha wengi. Kwetu, tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, rais ni yule aliyepata kura nyingi, si lazima avuke nusu. Hakuna duru ya pili. Kwa hiyo chama kidogo cha Tanzania hakina siku ya kwenda mezani na asilimia zake tano na kusema "nipeni hiki niwape hizi". Kikitaka kupatana lazima kipatane kabla ya kura, kama walivyofanya UKAWA 2015: CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD wakaachiana majimbo, na mgombea mmoja wa urais, Edward Lowassa, akapata karibu asilimia 40. Vyama vinavyopatana baada ya kura hapa kwetu vinapatana na upepo.

Isipokuwa kwenye halmashauri. Baraza la madiwani likiwa na 12 upande huu na 12 upande ule, yule mmoja wa chama kidogo ndiye anayechagua mwenyekiti wa halmashauri, na bajeti ya barabara ya vumbi ya kwao inasikilizwa.

Vimebaki viwili na nitavipitia haraka. Chama cha mtu kinang'aa na mtu wake na kuzimika naye. Ross Perot alipata karibu asilimia 19 Marekani mwaka 1992, na chama alichokianzisha baadaye hakikudumu na nguvu hiyo bila yeye. Mrema alipoondoka NCCR kwenda TLP, NCCR ikashuka kutoka wabunge 16 wa majimbo wa 1995 hadi mmoja mwaka 2000. Na chama cha mfukoni ni kile unachokisikia miezi mitatu kabla ya uchaguzi na kukisahau miezi mitatu baadaye. Hicho sikilinganishi na chochote, nakuomba usikipe jina lako.

Jambo la 2025

Sitaweza kuandika habari hizi kama kwamba 2025 haikuwepo. CHADEMA hakikuwa kwenye karatasi ya kura, baada ya Tume kusema hakitashiriki kwa kuwa hakikusaini kanuni za maadili. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, aliondolewa. Kundi la waliotoka CHADEMA lilihamia CHAUMMA, chama kilichojulikana zaidi kwa ahadi ya ubwabwa ya mzee Hashim Rungwe, na Salum Mwalimu akasimama kwa tiketi yake. Wagombea urais walikuwa wengi kuliko wakati wowote, na Tume ikamtangaza Rais Samia Suluhu Hassan mshindi kwa takribani asilimia 98. Watu walikufa siku zile, na majeraha yake bado mabichi majumbani.

Kwa swali letu la leo nachukua jambo moja tu. Chama kidogo kinaishi kwa kuwepo mizani yenye sahani mbili. Ukiondoa sahani moja, waliobaki hata wakiwa kumi na sita hawapimi chochote. Wale wa vyama vidogo walioona kutokuwepo kwa mshindani mkuu kuwa ni nafasi yao ya kung'aa walikosea hesabu, na nasema hivyo nikiwaheshimu, kwa sababu wengine ni rafiki zangu. Chama kidogo chenye akili hutetea haki ya mshindani mkubwa kuwa kwenye karatasi ya kura, maana bila yeye hakina cha kuelemea.

Kwa hiyo, nani aende wapi

Ukitaka ubunge, na unataka kuupata kweli, sioni njia nje ya vyama viwili vyenye nguvu jimboni kwako. Jimbo lina vituo mamia, na kila kituo kisicho na wakala wako ni kituo ambacho hutajua kilichotokea. Ukiwa mwanamke unayetazama viti maalum, hesabu ni ngumu zaidi kwa wadogo: viti hivyo vya bungeni hugawiwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge nchi nzima.

Ukitaka udiwani, mambo yanafunguka. Kata ni ndogo, watu wanakujua, wanamjua mama yako, wanajua kama unalipa madeni. Kwenye kata niliyokuwa wakala, wengi wa wale 31 walimpigia mtu, hawakujali rangi ya bendera. Hapa chama kidogo kinaweza kukufaa kuliko foleni, ukiwa na hoja yako na watu wako. Uenyekiti wa mtaa au kijiji, ambao uchaguzi wake unatangulia mwaka mmoja kabla, unafaa hata zaidi kwa kuanzia. Nilimwambia mpwa wangu aufikirie wa 2029 kabla ya huo wa 2030, ingawa naona moyo wake hauko huko.

Na ukiwa na hoja unayotaka iishi hata wewe usiposhinda, nenda chama kidogo bila kusita, mradi katiba yake uisome mwenyewe kuanzia ukurasa wa kwanza, hasa pale panapoeleza mwanachama anafukuzwaje na nani. Ukurasa huo ndio unaoniambia kama ni chama au ni mfuko wa mtu.

Nilimpa maswali matatu ya kwenda nayo kwa katibu wa kile chama kidogo. Nani anakagua fomu za wagombea mkoa huu, na simu yake inapatikana? Mmewahi kumaliza uchaguzi gani bila kujitoa dakika za mwisho? Kata hii ina vituo vingapi, na mawakala wenu ni akina nani kwa majina?

Alirudi Jumapili na debe jingine. Swali la kwanza alijibiwa vizuri, kuna mwalimu mstaafu anayekagua fomu, na alipompigia alipokea. La pili walizunguka zunguka. La tatu waliandika majina kwenye karatasi ya daftari: vituo 19, mawakala 6, na mmoja kati yao tayari amehamia Chunya kutafuta dhahabu.

Hajachukua kadi bado. Anasema kila Alhamisi, siku ya kupakia viazi, anakaa na vijana wenzake juu ya magunia na kuwaeleza habari za lumbesa na za Fomu 21C. Mpaka wiki iliyopita alikuwa amepata wanne. Anatafuta kumi wengine.